Taa za volti 120

Katikati ya Aprili 2025 nilikuwa Guzhen, mji mdogo ulio chini ya Zhongshan katika jimbo la Guangdong, ambako unaweza kutembea mtaa hadi mtaa usione kitu kingine kinachouzwa ila taa. Nilikuwa nimetokea Guangzhou kwenye Maonyesho ya Canton, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu 1957, na kama ilivyo kawaida yetu sisi wenye maduka Kariakoo, maonyesho tunakwenda kuyatazama, lakini bei tunaifuata kiwandani. Mkalimani wangu, kijana wa Kitanzania anayesoma huko, alinifikisha kwa mwenye kiwanda ambaye nimenunua balbu kwake kwa miaka kadhaa. Siku hiyo mwenyeji wetu hakutukalisha kunywa chai kama desturi yake. Alitupeleka moja kwa moja ghalani.

Ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye mabati. Maboksi ya taa za ukutani, yaliyofungwa vizuri na kubandikwa nembo ya mnunuzi pamoja na bei ya dola, yalikuwa yakisubiri meli ya kwenda Marekani, ilhali siku chache tu kabla ya hapo ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulikuwa umefikishwa asilimia 145 na mnunuzi alikuwa ameagiza mzigo usipakiwe. Mwenye kiwanda alinitajia bei ambayo sijawahi kuisikia kwa taa ya aina ile. Nikageuza boksi moja, nikasoma maandishi ya nyuma: volti 120. Ningezileta Dar es Salaam, ambako umeme wetu ni volti 230, taa ingeungua mteja akiwa bado anahesabu chenji.

Nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu angeliuliza: kwa nini basi asiuze hapo hapo China, nchi yenye watu bilioni 1.4? Mkalimani aliuliza, akajibiwa kwa ufupi, akanigeukia: "Kaka, anasema hata hapa umeme ni volti 220." Kisha wakaendelea kuzungumza wao kwa wao kwa muda mrefu, mwenye kiwanda akihesabu kwa vidole, na tafsiri iliponifikia niligundua kwamba volti ilikuwa sababu ndogo kuliko zote.

Mnunuzi wa nje, alisema, hutanguliza asilimia 30 ya fedha kabla mashine haijawashwa, na asilimia 70 iliyobaki huilipa anapoonyeshwa nakala ya hati ya shehena. Mchoro ni wake, nembo ni yake, na kumtafuta mteja wa mwisho ni kazi yake. Mzigo ukishavuka mpaka, serikali humrudishia mwenye kiwanda kodi ya ongezeko la thamani, yote au sehemu yake. Akitaka kuuza ndani, itambidi ajenge jina lake mwenyewe, alipie nafasi ya kuonekana kwenye masoko ya mtandaoni, awape wauzaji wa rejareja mali kwa mkopo wa miezi mitatu au zaidi, na apokee taa zinazorudishwa na wateja waliobadili mawazo. Zaidi ya hayo, jirani yake anayetengeneza taa hiyo hiyo atashusha bei kwa yuan moja, naye atashusha kwa mbili, mpaka wote wawili wanauza kwa hasara. Wachina wana neno la mashindano ya namna hii, neijuan, yaani kujizungusha kwa kuingia ndani, na siku hizi hata viongozi wa serikali yao wanalitaja katika hotuba wanapolalamikia vita vya bei katika magari ya umeme na paneli za jua.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili kwa bidii ambayo familia yangu wakati mwingine huiona imezidi. Nimefikia rai moja, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: China imeshindwa kuliegemea soko lake la ndani kwa sababu fedha ya kununulia haifiki mifukoni mwa watu wake, na kuifikisha huko kunahitaji kuitoa mahali ambapo mwenyewe hataki kuiachia. Hilo la kwamba Wachina hawapendi kutumia silikubali.

Maelezo ya utamaduni ndiyo huwa ya kwanza kutolewa. Utasikia kwamba Mchina ni mtu wa kubana matumizi, kwamba hivyo ndivyo alivyolelewa. Sisi nasi tunasema akiba haiozi, na wanaotujua wanajua tunavyoitunza. Mwanzoni mwa mageuzi ya 1978 kaya za China ziliweka akiba sehemu ndogo sana ya kipato chao. Wachina walikuwa ni wale wale, na utamaduni ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mazingira yao: makampuni ya umma yaliyokuwa yakimpa mfanyakazi nyumba, matibabu na shule ya mtoto yalivunjwa au kupunguzwa miaka ya 1990, na familia ikabaki na mtoto mmoja wa kutegemewa na wazazi wawili, kutokana na sera iliyodumu tangu 1980 hadi 2015. Mtu aliyeondolewa vyote hivyo kwa pamoja ataweka akiba hata kama babu yake alikuwa mbadhirifu.

Niliona mfano wake hapo hapo kiwandani. Mama aliyekuwa akipakia balbu zangu, zile za pini mbili tunazotumia sisi na ambazo China ni vigumu kupata pa kuzipachika kwa sababu wengi kwao hutumia za kuzungusha, alikuwa ametoka jimbo la Guangxi. Alikunja boksi, akaweka balbu kumi, akafunga, akasukuma, na mikono haikusimama hata mkalimani alipokuwa akimsalimu. Analala kwenye bweni la kiwanda, anakula kantini, na watoto wake wanalelewa na bibi yao kijijini. Alipoulizwa fedha yake inakwenda wapi alijibu bila kufikiri: mama yake ni mgonjwa, na mtoto wa kiume hataoa bila nyumba.

Mama huyu ni mmoja wa watu karibu milioni 300 ambao takwimu za China huwaita wafanyakazi waliotoka vijijini. Usajili wa makazi unaoitwa hukou, uliowekwa kwa sheria mwaka 1958, humfunga mtu na mahali alikosajiliwa, kwa kawaida kwa wazazi wake, na ingawa masharti yake yamelegezwa sana katika miji midogo, katika majiji makubwa bado ndiyo yanayoamua mtoto atasoma shule gani na mgonjwa atalipiwa kiasi gani hospitalini. Mtu anaweza kufanya kazi mahali kwa miaka 20 akaendelea kuhesabiwa mgeni, na mgeni hanunui sofa. Kuhusu uzee, mkulima asiyekuwa na ajira rasmi hupata pensheni ya msingi ambayo kiwango chake cha chini kwa taifa kilipandishwa mwaka 2025 hadi yuan 143 kwa mwezi, yaani takriban dola 20. Wanaopokea pensheni ya mfumo huo ni zaidi ya watu milioni 150. Ukimwambia mtu kama huyo achangamkie matumizi kwa ajili ya ustawi wa taifa, atakutazama tu.

Sasa nije kwenye tarakimu, maana bila hizo mtu anaweza kudhani ninasimulia huruma. Matumizi ya kaya nchini China ni kama asilimia 40 ya pato la taifa, wakati Marekani ni karibu asilimia 68 na nchi nyingi duniani ziko juu ya nusu. Sehemu nyingine kubwa, nayo kama asilimia 40, ni uwekezaji: barabara, majengo, mitambo. Hakuna uchumi mwingine mkubwa ulioishi muda mrefu hivyo kwa mgawanyo wa namna hiyo. Maana yake, ukiondoa maneno ya kitaalamu, ni kwamba katika kila shilingi mia zinazozalishwa, wananchi wanatumia arobaini tu kwa mahitaji yao, na zilizobaki hupitia kwa makampuni, mabenki na serikali kabla ya kugeuka saruji, chuma, au taa za kupeleka kwa watu wengine.

Mtambo huu ulijengwa kwa makusudi, na kwa muda ulifanya kazi ya ajabu. Yuan ilifungwa kwenye dola kwa kiwango cha 8.28 hadi Julai 2005, jambo lililofanya bidhaa za China ziwe rahisi nje na bidhaa za nje ziwe ghali kwa Mchina. Mabenki yaliwalipa wenye akiba riba ndogo, mara nyingine chini ya mfumuko wa bei, na kwa fedha hiyo yakawakopesha wenye viwanda kwa bei nafuu. Kwa lugha ya mtaani, mama wa kupakia balbu alikuwa akimkopesha bosi wake kwa hasara bila kujua. Baada ya China kuingia katika Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, milango ilifunguka, na kufikia 2006 mauzo ya nje yalikuwa zaidi ya theluthi moja ya pato la taifa. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo wafanyabiashara wa Afrika, wetu wakiwemo, walipoanza kumiminika Guangzhou na Yiwu, na vyombo vya plastiki, nguo na redio za China zikafika hadi kwenye magenge yetu.

Kinachonishangaza ni jinsi wenyewe walivyoliona tatizo mapema. Mwezi Machi 2007, uchumi ukiwa unakimbia kwa kasi ya kutisha, Waziri Mkuu Wen Jiabao aliwaambia waandishi wa habari kwamba uchumi wa nchi yake haukuwa imara, haukuwa na uwiano, haukuratibika na haungeweza kudumu. Ni nadra kumsikia kiongozi akisema hivyo shamba likiwa limestawi. Mwaka uliofuata maneno yake yalipata ushahidi: msukosuko wa fedha ulipoikumba Marekani na Ulaya, oda zilikatika, na mwanzoni mwa 2009 serikali ya China ilikadiria kuwa wafanyakazi wapatao milioni 20 waliotoka vijijini walikuwa wamepoteza kazi.

Hapo ndipo palikuwa na njia panda, na njia iliyochukuliwa ndiyo iliyotufikisha kwenye ghala la Guzhen. Novemba 2008 Beijing ilitangaza mpango wa yuan trilioni 4 wa kuuokoa uchumi. Kuna fungu dogo lililokwenda kwa wananchi, kama ruzuku ya asilimia 13 kwa watu wa vijijini walionunua friji, televisheni na mashine za kufulia, mpango uliopendwa sana. Fungu kubwa lilikwenda kwenye ujenzi, nyuma yake ikafuata mikopo ya mabenki kwa serikali za mitaa ambayo ilizidi mbali mpango wenyewe. Reli za treni za mwendo kasi zikatandazwa, na leo zinazidi kilomita 45,000. Sizibezi, nimezipanda, na mtu aliyewahi kulala njiani na basi bovu hawezi kuzibeza. Ila matokeo kihesabu yalikuwa kwamba sehemu ya mauzo ya nje katika pato la taifa ilishuka kweli, hadi kama asilimia 20, lakini nafasi iliyoachwa haikujazwa na matumizi ya kaya. Ilijazwa na uwekezaji, na hasa nyumba.

Nyumba nazo zikawa benki ya kila familia. Kwa kuwa riba ya akiba ilikuwa haba, na kwa kuwa nyumba ilikuwa sharti la kuoa, watu walinunua ya pili na ya tatu, nyingi zikiwa hazijajengwa bado. Serikali za mitaa ziliuza ardhi na kuishi kwa mauzo hayo. Mwaka 2021 ziliingiza yuan trilioni 8.7. Beijing ilipoamua Agosti 2020 kuyawekea makampuni ya ujenzi mipaka mitatu ya madeni, nyumba ya karata ikaanza kuanguka. Kampuni ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni yake mwishoni mwa 2021, mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe Januari 2024, na mapato ya ardhi yakashuka hadi chini ya trilioni 5 mwaka huo wa 2024. Mtu ambaye zaidi ya nusu ya utajiri wake ni nyumba inayoshuka bei kila mwezi hatanunua gari jipya. Ataongeza akiba, na ndivyo walivyofanya.

Mikopo iliyokuwa ikienda kwenye nyumba ilielekezwa wapi? Viwandani. Betri, paneli za jua, magari ya umeme, mitambo. Kiwanda kimeongezwa wakati mnunuzi wa ndani amejikunyata, kwa hiyo mali ikabidi itoke nje, na ziada ya biashara ya China, yaani kile ambacho mauzo yake ya nje yanazidi manunuzi yake kutoka nje, ilifika karibu dola trilioni 1 mwaka 2024 na kuvuka kiasi hicho mwaka 2025. Yaani baada ya takriban miaka 18 ya kutangaza kwamba wataliegemea soko la ndani, wameuza nje kwa ziada kubwa kuliko wakati wowote. Xi Jinping alitangaza mwaka 2020 sera ya "mizunguko miwili", soko la ndani na biashara ya nje, ambamo mzunguko wa ndani ndio ungekuwa mkuu, lakini mtu akiitazama bandari ya Ningbo anaona mzunguko mmoja tu.

Sababu ya ndani kabisa, ninavyoona mimi, iko katika jinsi meya anavyolipwa. Kodi ya ongezeko la thamani hukusanywa kwa kiasi kikubwa pale kiwanda kilipo, na nusu yake hubaki kwa serikali za mitaa. Meya mwenye kiwanda cha betri ana mapato, ana ajira na ana kitu cha kuonyesha wakubwa wake, hata kama betri hizo tayari zinatengenezwa katika miji mingine kumi. Meya mwenye wastaafu wanaokula vizuri hana chochote isipokuwa gharama. Kwa hiyo kila mji unamgombea mwenye kiwanda kwa ardhi ya bure na mikopo nafuu, hakuna mji unaomgombea yule mama wa Guangxi, na hotuba za Beijing kuhusu matumizi zinafika chini zikiwa zimegeuka ruzuku kwa mtengenezaji mwingine wa taa.

Kuna pia woga wa kiitikadi. Katika hotuba iliyochapishwa Oktoba 2021, Xi alionya dhidi ya kuangukia mtego wa ustawi wa jamii unaolea wavivu. Ni jambo la kuchekesha kidogo kusikia lugha hiyo kwenye chama cha kikomunisti, na nadhani imechelewesha mengi.

Wapo wanaosema China inaogopa yaliyoipata Japani, na woga huo una msingi. Septemba 1985, katika makubaliano ya Plaza kule New York, Japani ilikubali sarafu yake ipande thamani. Dola iliyokuwa ikinunua yen 240 hivi ikawa inanunua kama 150 baada ya mwaka mmoja hivi. Aprili 1986 kamati iliyoongozwa na Haruo Maekawa, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu, ilipendekeza kwamba nchi iache kutegemea mauzo ya nje na iongozwe na mahitaji ya ndani. Ripoti ilisifiwa, lakini kilichotekelezwa kwa haraka kilikuwa kile kilicho rahisi, yaani kushusha riba, ambayo benki kuu iliifikisha asilimia 2.5 Februari 1987. Fedha rahisi ikakimbilia viwanja na hisa, hisa zikafika kilele siku za mwisho za Desemba 1989, kisha yakafuata maporomoko ambayo Wajapani wanayazungumzia hadi leo. Beijing imelisoma somo hilo kama onyo dhidi ya kuiachia sarafu ipande. Mimi nalisoma tofauti: Japani haikuumizwa na kuwapa wananchi wake fedha nyingi mno, iliwapa mikopo mahali pa kipato.

Haki lazima itendeke: mwaka 2025 kumekuwa na hatua za kweli. Kuongeza matumizi kuliwekwa mbele ya majukumu yote katika taarifa ya kazi ya serikali ya mwezi Machi. Fedha za kumsaidia mtu abadilishe friji au simu ya zamani kwa mpya ziliongezwa maradufu hadi yuan bilioni 300. Julai ikatangazwa posho ya yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na hiyo ndiyo iliyonivutia zaidi kwa sababu ni fedha taslimu inayokwenda kwa familia bila kulazimishwa kununua kitu. Ruzuku ya friji ina kasoro yake, kwani aliyekuwa anunue mwakani ananunua leo, na katikati ya mwaka baadhi ya majimbo yalilazimika kusimamisha kwa muda fungu lilipokwisha. Posho ya mtoto haina kasoro hiyo. Ni ndogo tu. Kama yuan 143 za mzee wa kijijini zingepandishwa hadi 500, naamini maduka ya wilayani yangeliona hilo ndani ya mwezi mmoja, na gharama yake isingefikia kile kinachomwagwa kwenye viwanda visivyo na wateja.

Kwetu Kariakoo jambo hili lina sura mbili, na sitajifanya sina maslahi. Milango ya Marekani inapobanwa, mali inatafuta njia ya kuja Afrika, na bei nilizopewa mwaka 2025 zilikuwa nzuri kuliko za miaka mingi. Fundi wa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, aliyekuwa akiunda vivuli vya taa kwa bati, ambaye zamani nilimpelekea wateja, hana tena cha kushindania. Iwapo siku moja Wachina watalipwa vizuri na kununua taa zao wenyewe, balbu yangu itapanda bei, na huenda yule fundi akarudi kazini.

Mwezi Mei, baada ya makubaliano ya China na Marekani huko Geneva, yaliyotangazwa tarehe 12, kupunguza ushuru, mkalimani alinitumia ujumbe kwamba mnunuzi wa Marekani ameuchukua mzigo wake, kwa bei iliyokatwa. Katika zile wiki za kungoja, mwenye kiwanda alijaribu kubadilisha vifaa vya ndani vya taa mia chache ziweze kutumia volti 220, akaziuza mtandaoni kwa wateja wa China. Nyingi zilirudishwa: wateja walisema umbo lake limekaa kigeni. Sasa amerudi kwenye oda za nje, na mashine tatu kati ya nane za mstari wa kwanza ameziagiza zitengeneze balbu za pini.

Ile taa ya volti 120 aliyonizawadia siku ile nimeitundika juu ya kaunta bila kuiunganisha na umeme. Karibu kila siku kuna mteja anayeniuliza ni bei gani.